Shubiri Moja

Hili ninalotaka kukusimulia hutaliamini, na sikulaumu. Msikiti mzima, wenye imamu wake na kamati yake na watu wake waliokonda kwa hamu ya kusali Ijumaa, ulifungwa majuma mawili ya ziada kwa sababu ya shubiri moja. Shubiri hii hii ya mkono, kutoka ncha ya kidole gumba mpaka ncha ya kidole cha mwisho. Na siku hiyo aliyesema uongo ndiye yule ambaye mtaa wote ungemwapia kwamba hajui kusema uongo.

Tuanze naye huyo. Alikuwa ofisa wa afya, mwanamke wa miaka thelathini na mbili, lakini watu walimwita Bwana Afya kwa sababu waliomtangulia kazini wote walikuwa wanaume na hakuna aliyejisumbua kubadilisha. Akaitika hivyo hivyo. Alikuwa ameachika, amerudi kwa wazazi, analala chumba kile kile alicholala akiwa mwanafunzi. Kazini hakuwa na mkubwa wala mdogo. Mkahawa wa mjomba wake, ndugu wa mama yake tumbo moja, aliufunga siku tisa kwa ajili ya pipa la maji lisilo na mfuniko. Mjomba mpaka leo akimsalimia anaangalia pembeni.

Baba yake alikuwa fundi mwashi aliyestaafu kwa sababu ya magoti. Huyo jina lake la mtaani lilikuwa Mzee Uzi. Miaka thelathini, kabla ya kila sala, ndiye aliyekuwa akipita mbele ya watu msikitini kunyoosha safu. Kwanza aliwahi kutandaza uzi wa uashi sakafuni akachora mistari ya visigino. Mazulia yalipokuja yakafunika mistari, jicho lake likabaki. Alikuwa akimshika mtu begani polepole, anamsogeza mpaka bega liguse bega la jirani, mguu uguse mguu. Mtu akiacha nafasi, Mzee Uzi alimwambia kwa upole kwamba hapo amemwachia shetani kiti. Hakuna aliyekasirika. Watu wazima na ndevu zao walisogea kama watoto wa madrasa.

Sasa fikiria mtu kama huyo, likaja lile gonjwa.

Misikiti ilifungwa miezi minne. Mzee Uzi akawa anasali sebuleni, yeye mbele, mkewe na binti yake nyuma. Hata hapo aligeuka kila mara kabla ya kuanza, akawatazama chini miguuni na kusema, nyookeni. Mkewe siku moja akamjibu kwamba wako wawili tu, wakinyooka zaidi ya hapo watavunjika. Bwana Afya alicheka mpaka udhu ukamtia shaka.

Jumatatu moja Bwana Afya akarudi kazini na karatasi mkobani. Aliiweka mezani baada ya chakula, akaisoma. Nyumba za ibada zifunguliwe, lakini mazulia yatolewe, kila mtu aje na mswala wake, wenye kikohozi wabaki nyumbani, na kati ya mtu na mtu iwe mita moja na nusu, alama zichorwe sakafuni. Msikiti wao utakaguliwa Alhamisi asubuhi. Ukifaulu, Ijumaa watu wanasali. Ukishindwa, mkaguzi mwingine atakuja baada ya majuma mawili, maana wakaguzi walikuwa wachache na nyumba za ibada nyingi.

Mama alianza kulia kwa furaha. Mzee Uzi akaomba arudie hapo penye mita.

"Mita moja na nusu, baba."

"Hapo kati wanakaa watu wawili."

"Ndiyo maana yake."

Akachukua kijiti cha meno. Halafu akasema, bila ukali, kwamba yeye gonjwa halikatai. Amewaona waliozikwa. Yeye anauliza tu, safu yenye mianya ya watu wawili wawili inaitwaje safu. Wao wameambiwa wasimame kama jengo, na yeye jengo analijua. Ukiacha nafasi ya tofali mbili kila baada ya tofali moja, hujajenga ukuta, umepanga matofali yauzwe.

Bwana Afya alijiandaa tangu ofisini. Akamkumbusha kwamba Mtume alimkataza aliyekula kitunguu saumu asiukaribie msikiti wao.

"Harufu tu ile, baba. Harufu haiui mtu. Na bado akaambiwa akae kwake, asiwaudhi wenzake. Je, anayebeba kifo mdomoni na mwenyewe hajui?"

Mzee akakiweka chini kijiti. "Huyo wa kitunguu aliambiwa akae nyumbani," akasema. "Hakuambiwa aje asimame mbali."

Bwana Afya akairudisha karatasi mkobani. Mama akaondoa sahani.

Jumanne kamati ikaja. Mwenyekiti, mwenye duka la vipuri vya magari, alikuwa na hesabu zake kwenye karatasi: ukumbi una upana wa mita kumi na nusu, ukitoa robo tatu ya mita kila upande wa ukuta, safu sita, kila safu watu saba, jumla arobaini na mbili. Zamani waliingia mia na sitini bila kubanana. Majina yataandikwa kwa anayewahi, na juma la pili wataingia wengine. Kilichobaki ni kuchora, na mwenye mkono wa kuchora ni mmoja tu. Vijana walijaribu kupiga chaki, ikatoka kama njia ya mbuzi.

Mzee Uzi alikataa. Alisema amechoka, akasema magoti, mwishowe akasema lililokuwa rohoni: miaka thelathini ameziba mianya, leo hawezi kuifungua kwa mkono wake mwenyewe.

Kinyozi, ambaye alikuwa mjumbe wa kamati kwa sababu ya sauti kuliko jambo lingine, akamuunga mkono. Alisema haya yote ni woga. Lililoandikwa limeandikwa. Kama umeandikiwa kuugua utaugua hata usimame peke yako jangwani.

Bwana Afya alikuwa anapita na jagi la maji. "Shikamoo mzee Kinyozi. Nyembe zako bado unazichemsha?"

"Marahaba. Nazichemsha, ulinisumbua wewe mwenyewe."

"Basi acha kuchemsha. Aliyeandikiwa kuoza kichwa ataoza."

Watu walicheka, hata Kinyozi, ingawa cheko lake lilichelewa. Imamu peke yake ndiye hakucheka. Alikuwa mdogo kwa Mzee Uzi kwa miaka ishirini. Mzee huyo huyo ndiye aliyemfundisha, akiwa na miaka saba, kuweka kisigino mstarini. Alisogeza kiti karibu. Akamweleza kwa sauti ya chini kwamba kusimama bega kwa bega ni katika kuitimiza sala, lakini kuilinda roho ya mtu ni wajibu, na viwili vikigombana kinachotangulia kinajulikana. Dharura ina mlango wake. Wanavyuoni wameketi, wamesema, na yeye amewafuata.

"Kama kuna dhambi katika nafasi hizi, baba, iko shingoni mwangu. Wewe umechora tu."

Mzee akauliza rangi ipo ya aina gani.

Rangi ilikuwa ya mafuta, nyeupe. Jumatano Mzee Uzi alijifungia msikitini tangu baada ya alfajiri na uzi wake, futi yake na brashi mbili. Zulia lilikuwa limetolewa, sakafu ya saruji imefagiliwa. Hakutaka msaidizi. Mama alimpelekea chakula cha mchana akakirudisha nusu. Alasiri alitoka na kanzu kuukuu yenye madoa meupe magotini, akaenda moja kwa moja kulala.

Bwana Afya aliporudi kutoka kazini alikuta nyumba ina mgeni. Fundi cherehani, rafiki wa baba yake tangu ujana wao, alikuwa ameketi sebuleni miguu imevimba, anakunywa chai isiyo na sukari kwa sababu sukari ilishamwingia mwilini. Huyu kila Ijumaa, kwa miaka yote ile, alisimama kushoto kwa Mzee Uzi. Jumanne alichelewa kuandikisha jina; mguu ulimkatalia, akafika ikiwa imeshatimia arobaini na mbili. Alirudi nyumbani akamwambia mkewe kwamba basi, labda Ijumaa yake ya mwisho imekwishapita. Sasa uso wake ulikuwa kama wa bwana harusi.

Alikuwa amepata. Nafasi zimeongezeka. Mwenyekiti alikwenda kuhesabu alama akakuta si arobaini na mbili, ni arobaini na nane. Amesema ni baraka, Mungu ameupanua ukumbi. Yeye Fundi amepewa nambari arobaini na tatu.

"Kanzu nimeipiga pasi mwenyewe," akamwambia Bwana Afya. "Mke wangu huwa anaiunguza kola. Nikiipata Ijumaa hii moja, binti yangu, ya pili simdai Mungu."

Bwana Afya akampongeza. Lakini ile arobaini na nane ilimkaa kichwani. Hesabu ya mwenyekiti aliiangalia mwenyewe. Mita kumi na nusu haiwezi kulala watu wanane wakaachana mita moja na nusu. Alipofika chumbani alitoa kalamu akapiga hesabu nyuma ya bahasha, ikamjia ile ile. Akajiambia labda mwenyekiti alikosea upana. Labda kuna kibaraza kimehesabiwa. Baba yake hakuwahi kukosea hata upana wa kidole. Nyumba alizojenga, milango yake inafungwa kwa kusukumwa na upepo. Akaikunja bahasha akalala.

*

Alhamisi saa tatu asubuhi walifika wawili: Bwana Afya na karani wa ofisini kwake, mzee wa dini nyingine aliyebakiza mwaka mmoja astaafu. Kwa kawaida mtu hakagui kwao, lakini wakaguzi hawakutosha na mkubwa wao alisema wazi kwamba aliyemfungia mjomba wake mkahawa hana haja ya kupelekwa mbali. Karani alivua viatu mlangoni, na soksi moja ilikuwa na tundu, kidole gumba nje. Akajaribu kukificha chini ya mguu wa pili. Imamu akavua zake akabaki pekupeku, kana kwamba ndivyo alivyokusudia tangu mwanzo.

Ndani walikuwapo kamati na watu wengine kama kumi, wametapakaa kutani na barakoa zao. Fundi cherehani aliletewa kiti. Mzee Uzi alisimama peke yake karibu na nguzo ya nyuma.

Walianza na maji ya kunawa, sabuni, madirisha. Vyote sawa. Kisha futi. Karani alichuchumaa kwenye alama ya kwanza ya safu ya kwanza akashika ncha ya sifuri. Bwana Afya akavuta upande wake mpaka alama ya pili, akapiga goti. Fomu ilikuwa kwa karani. Yeye Bwana Afya kazi yake ni kusoma tu.

Mistari ilikuwa mizuri. Nakwambia, ilikuwa mizuri kama imechapishwa, yote ikiangalia kibla, ncha zake zimekatwa kama kwa wembe. Akaangalia nambari. Mita moja na sentimita ishirini na tisa.

Akavuta futi ikaze zaidi. Ishirini na tisa.

"Ngapi?" akauliza karani, kalamu tayari.

Jicho lake lilikwenda kwa Fundi cherehani, pale kitini, mikono juu ya magoti. Likaenda kwa baba yake. Baba yake alikuwa anamtazama usoni, hakuwa anatazama futi kabisa, na hapo ndipo alipoelewa kwamba hili halikuwa kosa la kupima. Mzee hakukosea. Alijua.

Akaona vyote kwa mara moja: mwenyekiti akigeuka, watu wakigeuka, Mzee Uzi aliyewanyoosha miaka thelathini akisimama pale kama mwizi wa kuku, na anayemshika ni yeye.

"Moja na nusu," akasema.

Karani akaandika. Wakahamia alama ya pili na ya tatu.

"Ngapi?"

"Moja na nusu."

Mara ya pili ilitoka kwa urahisi, na hilo ndilo lililomtisha. Mara ya tatu hakuangalia hata nambari. Mwenyekiti alishaanza kutabasamu machoni juu ya barakoa.

"Mwanangu."

Ilikuwa sauti ya Mzee Uzi, ile ile ya kusema nyookeni. Watu walidhani anataka kumpongeza.

"Hapo ulipo ni wapi?"

Bwana Afya hakuinua kichwa. "Msikitini, baba."

"Basi rudi kwenye alama ya kwanza. Usome ulichokiona."

Hakuna aliyekohoa, na siku zile kutokukohoa mahali penye watu kumi na tano lilikuwa jambo. Akarudi. Akapiga goti, akanyoosha futi. Karani akashika sifuri yake.

"Moja na ishirini na tisa," akasema Bwana Afya.

Karani alikata neno la kwanza, la pili, la tatu, akaandika upya. Aliandika polepole sana. Halafu akasema, kwa heshima, bila kumtazama mtu, kwamba futi za kamba zikizeeka huwa zinadanganya. Mzee Uzi akamjibu kwamba futi haina kosa, yeye ndiye aliyepima hivyo, kwa kusudi. Imamu akafungua mdomo, mzee akamwinulia kiganja.

*

Unajua mtaa. Kabla ya adhuhuri jina lilikuwa limeshabadilika, Mzee Uzi amekuwa Mzee Sentimita. Dukani waliulizana kama kweli binti ni wa kumzaa. Wengine wakasema la, kosa ni la mzee, si angenyamaza, binti alishamfunika. Mwenyekiti alimwambia mbele ya watu kwamba safari nyingine watatafuta fundi mwenye macho, na mzee akaitika, ndiyo. Kinyozi, aliyekuwa akisema lililoandikwa limeandikwa, alisema hili halikuandikwa, limefanywa. Mjomba wa mkahawa alimsalimia Bwana Afya kwa mara ya kwanza akimtazama machoni, na hilo liliuma kuliko yote.

Ofisini alieleza mwenyewe kabla hajaulizwa. Alipewa barua ya onyo na kuondolewa ukaguzi mwezi mzima, akawekwa kwenye kupanga mafaili. Karani alimwachia nusu ya chakula chake.

Jumamosi Mzee Uzi akaenda kuikwangua rangi. Hakuna aliyejitolea kumsaidia. Rangi ya mafuta ikishakauka kwenye saruji haitoki kwa kuombwa. Unaweka mafuta ya taa, unangoja, unakwangua kwa kisu, unafuta, unarudia. Alama arobaini na nane. Alikuwa katika ya tano, amekaa kitako kwa sababu magoti yamekataa, binti yake alipoingia na kisu cha pili. Alivua viatu, akaanza upande mwingine wa safu.

Walikwangua muda mrefu. Harufu ya mafuta ya taa iliwatoa machozi wote wawili, ikawa nafuu.

"Uliuliza rangi ipo ya aina gani," akasema Bwana Afya. "Nikadhani umekubali."

"Nilikubali." Mzee akafuta kisu kwenye kitambaa. "Nilipochora ile ya pili nikasimama juu yake. Nikanyoosha mkono, nikaona simfikii mwenzangu. Hata nikinyoosha kidole. Nikasema, gonjwa nitaliachia mita moja na kitu. Shubiri moja nimnyang'anye shetani. Nikapiga hesabu, ikaingia sawasawa, wanane kila safu, haizidi haipungui. Nikaona kama nimejibiwa."

"Ukaona ni ruhusa."

"Niliona hivyo. Fundi ana njia nyingi za kujidanganya akiwa peke yake na uzi."

Bwana Afya akaacha kukwangua. "Sasa mbona hukuniacha nimalize? Mimi nilishasema. Lilikuwa langu."

Mzee aliendelea kukwangua. Alisema shubiri ile aliichora akiwa na hoja, mbovu, lakini ilikuwa ni hoja, na kesho angeweza kusimama nayo akajieleza. Uongo kusemwa mbele ya kibla, kwa ajili yake, mara tatu, na mwanawe mwenyewe, hoja hakuwa nayo.

"Nilikuwa nahesabu," akasema. "Moja. Mbili. Ulipofika tatu nikasikia sauti yako imezoea."

Siku tatu zikapita wakimaliza. Mara hii mzee alipima mbele ya imamu, mita moja na nusu kamili, saba kila safu, na Bwana Afya alishika sifuri.

Nambari arobaini na tatu ikafutika pamoja na zile nyingine tano. Mwenyekiti ndiye aliyekwenda kumweleza Fundi cherehani, na Fundi akasema si kitu, ataandika jina mapema kwa juma litakalofuata, hata akilala mlangoni. Alimtumia Mzee Uzi salamu kwamba anamdai bega la kushoto. Mzee alicheka siku hiyo, cheko la kweli, la kwanza tangu Alhamisi.

Mkaguzi mwingine alikuja majuma mawili yalipotimia, Alhamisi. Alipima alama zote, akapitisha, akasifu mistari.

Fundi cherehani alifariki Jumatano, siku moja kabla. Halikuwa lile gonjwa. Ilikuwa sukari, ilimzima mchana akiwa amekaa kwenye cherehani yake. Walioruhusiwa kumzika walikuwa kumi tu, na Mzee Uzi alikuwa mmoja wao. Walisimama makaburini kumsalia, mita moja na nusu kati yao. Mjane wake aliulizwa kama amehifadhi kanzu yoyote ya kutoa sadaka, akasema ipo moja imepigwa pasi, lakini hiyo hatoi.

Jioni Bwana Afya alimkuta baba yake uani, ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, anasafisha brashi ambazo zilikuwa safi. Akaketi chini karibu naye.

"Alitaka Ijumaa moja tu, baba."

"Najua alichotaka."

"Ungeniacha angeipata. Watu sita waongezeke, wote wakaribiane kwa shubiri moja, pengine asingeugua hata mmoja."

"Pengine."

"Na pengine wangeugua arobaini."

"Pengine," akasema tena mzee.

Ndani mama aliwaita kwamba maji ya udhu yako tayari. Hakuna aliyeinuka. Bwana Afya, mtu wa nambari, mtu ambaye tangu utotoni alikuwa akikupa jibu kabla hujamaliza swali, alimuuliza baba yake ni nani kati yao aliyekosa. Yeye kwa kudanganya, au mzee kwa kumzuia, au mzee kwa ile shubiri ya mwanzo.

"Ya mwanzo ni yangu, hiyo usinigawie," akasema Mzee Uzi. "Hizo mbili nimeziuliza tangu makaburini. Nikipata jibu nitakuamsha."

Mpaka leo hajamwamsha.

Ijumaa watu arobaini na wawili walisali, na msikiti ulijaa vilio vya kimya vya watu wazima. Mzee Uzi jina lake lilikuwa orodhani, akampa nafasi yake mdogo wake marehemu Fundi, akabaki nyumbani.

Sasa na mimi nakuuliza wewe unayesoma, kwa sababu nimewauliza watu wengi na hawapatani. Umepiga goti sakafuni, futi iko mkononi, imeandika moja na ishirini na tisa. Mgonjwa wa sukari yuko kitini ana nambari yake mfukoni. Baba yako yuko penye nguzo anakutazama usoni. Karani amesema, ngapi?

Ungesema ngapi?